Moshi Mweupe Haupozi Krenki

Wadau, kaeni kitako. Leo sina muziki wala mbwembwe. Nina kosa la kukiri na ugomvi wa kuanzisha, na vyote viwili vinahusu kitu kimoja: baridi.

Wale mlionifuata tangu mwaka jana mwaikumbuka ile vidio. Jiwe la grinda lazunguka, chuma chasagwa, bomba latema nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, moshi mweupe umejaa skrini kama harusi ya tajiri. Mimi nikaweka sauti yangu juu: "Wenzetu wako huku, sisi Changamwe bado twamwagia chuma maji ya maziwa." Mlicheka. Mlisheya. Ndiyo vidio yangu iliyotazamwa kuliko zote.

Nimeifuta. Na sikuifuta kwa kuogopa matusi.

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja wa Kisauni aliniandikia inboksi. Ana miaka 19. Amefunzwa kusaga krenki kwenye karakana ya mtu, sasa ataka kuanza kivyake. Amepata mashine ya mitumba, amekodi kontena la futi 20, na swali lake lilikuwa moja tu: "Bro, hiyo nitrojeni naipata wapi Mombasa? Nataka niwe wa kwanza." Akaongeza kwamba amesikia wale jamaa wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu huwa nayo kwenye mitungi yao. Labda atanunua kidogo kwao, ya kuanzia.

Nilisoma ule ujumbe mara mbili. Halafu nikafanya hesabu ambayo ningefaa kuifanya kabla ya kuposti ile takataka.

Hesabu yenyewe hii hapa. Lita moja ya nitrojeni iliyo maji ikichemka na kufikia joto la chumba yawa gesi ya karibu lita 700. Kontena la futi 20 lina hewa ya mita za ujazo 33 hivi. Funga mlango, mwaga ndani lita 10 tu. Hapo umeongeza mita 7 za ujazo za gesi, na gesi hiyo lazima isukume hewa nje. Oksijeni yashuka kutoka asilimia 21 hadi kama 17. Mwaga lita 20, uko chini ya 14. Watu wa usalama kazini wakiona chini ya 19.5 tayari wanaita hatari.

Na hii gesi haina harufu. Haina rangi. Haikufanyi ukohoe. Ile hali ya kuhisi pumzi zinakubana huletwa na kaboni dayoksaidi kujaa mwilini, haiji kwa sababu oksijeni imepungua. Kwa hivyo wewe waendelea kuvuta na kutoa pumzi vizuri tu, kichwa chawa chepesi, miguu yalegea, umelala. Aliyekuja kukuangalia naye analala juu yako. Ule moshi mweupe mnaoupenda wala si nitrojeni. Ni unyevu wa hewa ulioganda kwa baridi. Ukitoweka msidhani gesi imetoka. Gesi ipo, hamuioni.

Tarehe 28 Januari 2021, mji wa Gainesville, jimbo la Georgia, Marekani, nitrojeni ilivuja ndani ya kiwanda cha kuku. Watu 6 walikufa. Hicho ni kiwanda kikubwa kwenye nchi tajiri yenye sheria. Sasa niambieni, kontena la Kisauni lenye mlango mmoja na feni ya ukutani?

Huyo kijana angekufa kwa laiki zangu. Hivyo ndivyo nilivyolala nalo usiku ule.

Najua kuna wale watakaosema: "Bas, afungue mlango." Sawa, fungua mlango. Twende hesabu ya pili. Mashine ndogo ya kusaga yenye mota ya kilowati 3, ikifanya kazi kwa nguvu yake yote, karibu nishati yote hiyo yaishia kuwa joto. Hiyo ni kilojuli 180 kila dakika. Kilo moja ya nitrojeni ikichemka yabeba kama kilojuli 200. Kwa hivyo ukitaka kulibeba joto lote kwa kuchemka kwake pekee, wahitaji kama lita moja kila dakika, na hapo tumejifanya kwamba hakuna tone linalopotea. Saa moja ni lita 60. Lita 60 zatoa mita za ujazo zaidi ya 40 za gesi. Gesi hiyo yashinda kontena zima! Sema mota haifanyi kazi kwa nguvu zote, gawanya mara mbili. Bado umejaza zaidi ya nusu ya kontena kwa saa moja ya kazi.

Na ikishatoka imekwenda. Maji ya maziwa yarudi kwenye tangi, yachujwa, yazunguka tena. Nitrojeni wanunua kila asubuhi kama mkate. Nani Changamwe anasaga krenki kwa bei ya kuilipia hiyo?

Sasa tutoke kwenye hatari twende kwenye chuma chenyewe, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea zaidi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, uinjinia wa mitambo. Ada ilinishinda. Najua komenti zenu: "Wewe hata digrii huna." Kweli sina. Lakini joto haliulizi cheti, na mambo haya nilianza kuyaona karakanani kwa Mjomba, Changamwe, kabla sijayasikia darasani.

Jiwe la grinda ni punje ngumu maelfu kwa maelfu zilizoshikanishwa. Kila punje ni kama patasi ndogo, ila hazikupangwa. Nyingine zakata, nyingine zalima tu mfereji, nyingine zasugua bure. Kusugua ni joto. Ukitumia lile jiwe la kawaida la oksaidi ya aluminiamu, sehemu kubwa ya hilo joto yaingia kwenye chuma chenyewe. Haiendi kwenye cheche wala haiendi kwenye jiwe.

Chuma kigumu hakikuzaliwa kigumu. Kilipashwa moto mpaka kikawa chekundu, kikapozwa ghafla, halafu kikapashwa tena kidogo ili kisiwe chepesi kuvunjika kama glasi. Chuma cha beringi, kwa mfano, huko mwisho hupashwa nyuzi 150 hadi 200 hivi. Sasa wewe unakisaga, ngozi ya juu yapanda kupita hapo: ugumu umeushusha mwenyewe, ngozi imelainika. Ukizidi zaidi, ukafika nyuzi mia saba na kitu, halafu maji yakaimwagikia, ngozi yachovywa upya na kuwa gamba jembamba, gumu kupita kiasi, linalopasuka. Na kwa hali zote mbili, ngozi iliyotanuka kwa joto ikipoa yataka kunywea huku chuma cha ndani chakataa. Yabaki imevutwa kama ngozi ya ngoma. Ufa mdogo ukitokea hapo, kila mzunguko wa injini waufungua.

Dalili huwa rangi. Chuma chageuka manjano ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu, na buluu ni kama nyuzi 300. Kila fundi ajua hilo. Lakini kuna siri ambayo mteja haambiwi: ukipitisha jiwe mara ya mwisho, polepole, rangi yaondoka. Piga polishi, yang'aa. Rangi imekwenda na uharibifu umebaki chini yake. Mteja analipa, anashukuru, anaondoka na krenki iliyoungua.

Hapa nyumbani Likoni tuna jirani, mtu mzima, mimi namuita Ami kwa heshima. Ana matatu moja, mkopo wa sako. Injini iligonga, akaipeleka krenki kusagwa kwa watu fulani, ikapigwa twenti, yaani ikapunguzwa nusu milimita, akatiliwa beringi za saizi hiyo. Ilirudi iking'aa kama kioo. Wiki ya tano krenki ikakatika karibu na Waa, gari ina abiria. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Aliporudi kwa wale waliosaga aliambiwa: "Mzee, ulinunua beringi feki."

Mimi ndiye niliyembebea kile kipande mpaka kwa Mjomba. Mjomba akakiosha, akatoa kile kioo chake cha kukuza, akaangalia pale kwenye kona ya mviringo, pale shingo ya krenki inapokutana na shavu lake. Akanipa na mimi niangalie. Vinyufa vidogovidogo, kama tope la mtaro lililokauka. Akasema, "Mwanangu, hii haikuvunjika barabarani. Ilivunjika kwenye grinda. Barabarani ilikwenda kumalizikia tu."

Ami bado analipa ule mkopo. Gari imekaa juu ya mawe nje ya nyumba.

Kwa hivyo mkiona nimekasirika, msidhani nakasirikia baridi. Krenki ya Ami ilikosa baridi. Hasira yangu ni kwamba tumeuziwa sura ya baridi mahali ilipohitajika kazi yake.

Na sitaki kuwa muongo wa upande wa pili. Kusaga kwa nitrojeni si utapeli. Miaka ya 1990, wataalamu wa IIT Kharagpur kule India, kina Paul na Chattopadhyay, walisaga vyuma vya aina mbalimbali kwa mkondo wa nitrojeni na kupima. Nguvu za kusagia zilipungua, joto likashuka, na ule mvuto wa ngozi ukapungua. Viwanda vya sehemu za ndege vinavyokata titaniamu vimejaribu baridi ya namna hii, kwa sababu titaniamu haipitishi joto, laganda pale pale kwenye ncha ya kisu. Na nitrojeni haiachi mafuta, haiozi, haiwashi mikono. Hata iliki na pilipili manga viwandani husagwa kwa baridi hiyo ili harufu isipotee. Haya yote ni kweli na nayaheshimu.

Lakini wale wa Kharagpur walipima. Mimi niliweka muziki.

Angalieni mambo manne ambayo ile vidio yangu haikuwaambia.

La kwanza. Tonya tone la maji kwenye chuma cha chapati kilichowaka. Lakauka papo hapo? Hapana, lacheza. Chini yake pana mto wa mvuke unaolibeba, na joto halipiti vizuri. Nitrojeni yafanya hivyo hivyo kwenye chuma cha kawaida kabisa, kwa sababu kwake chuma cha joto la chumba ni kama chuma cha chapati: kimeizidi kwa nyuzi zaidi ya 200. Kuimwagia tu ni kupoza hewa. Yataka mgandamizo, nozeli nyembamba, na kulenga barabara.

La pili. Nitrojeni yapoza, haina mafuta. Yale maji ya maziwa tuliyoyacheka yafanya kazi mbili: maji yabeba joto, mafuta yapunguza msuguano ili joto lenyewe lizaliwe kidogo.

La tatu. Chuma kikipoa chanywea. Shingo ya krenki ya milimita 60 ukiishusha nyuzi 100 yapungua kama milimita 0.07. Nafasi ya kukosea kwenye kazi hiyo ni kama milimita 0.02. Sasa weka maikromita kwenye chuma kilichoganda, usome "saizi nzuri", kikirudi joto la Mombasa kimevimba, beringi haziingii. Au zaingia kwa nguvu, injini yakwama.

La nne. Ndani ya chuma kilichotiwa ugumu mara nyingi hubaki sehemu ambayo haikugeuka kilipopozwa. Kishushe baridi kali, sehemu hiyo yageuka baadaye, na ikigeuka yavimba. Kiwandani wao hupangia hilo mapema, kabla ya kusaga. Wewe kontenani ungelikuta mwishoni, kazi imekwisha.

Haya. Mafundi mnaosoma mkipiga makofi, shusheni mikono. Zamu yenu.

Mimi nimezunguka karakana za Changamwe, Likoni na Kisauni na simu mkononi. Nyingi pampu inafanya kazi, maji yanatoka, na bado chuma chaungua. Kwa nini? Kwa sababu ukingo wa jiwe waenda kama mita 30 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 108 kwa saa. Matatu ikienda hivyo askari anaisimamisha, mwisho wake ni 80. Jiwe kwa kasi hiyo lina upepo wake, limevaa hewa mwili mzima, na maji yanayodondoka polepole kutoka juu yapigwa teke na huo upepo kabla hayajafika. Mwaona maji yamejaa kila mahali, sakafuni, ukutani, kwenye suruali, ila pale jiwe linapogusa chuma pamekauka. Pale penyewe penye moto!

Dawa yake mnaijua au mngefaa kuijua. Sogeza nozeli karibu. Ilenge pale pale jiwe linapoingilia chuma. Bana mdomo wake ili maji yatoke kwa kasi inayokaribia ya jiwe. Weka kibati kidogo karibu na jiwe kiukate ule upepo. Na lichongeni jiwe kwa almasi kabla halijalia. Jiwe lililoziba halikati, lasugua, na nishasema kusugua ni nini.

Halafu maji yenyewe. Visima vyetu vingi huku Kisauni na Likoni ni vya chumvi, hilo nani hajui? Ukichanganya yale mafuta na maji ya kisima cha chumvi, mafuta yajitenga na kuelea juu, chuma chashika kutu, na fundi alaumu mafuta. Tumia maji ya mfereji au ya mvua. Mimina mafuta ndani ya maji, usimwage maji ndani ya mafuta. Kwa kusaga, asilimia 3 hadi 5 ni kipimo cha kawaida, fuata kilichoandikwa kwenye mtungi. Kuna kipimo kidogo kama darubini ya mtoto, kinaitwa refraktomita, watia tone, waangalia, wasoma. Mafundi wengi wapima kwa rangi. "Ikiwa nyeupe ni sawa." Maziwa ya dukani nayo ni meupe.

Na ile harufu ya Jumatatu asubuhi, mnapofungua karakana mkafunga pua? Hiyo ni bakteria. Zimekula mafuta wikendi nzima ndani ya tangi lisilosafishwa, kwa joto letu hili. Vijana wanatia mikono humo kutwa. Nimeona mikono ya wanagenzi imepasuka kati ya vidole, wanajikuna mpaka damu, wanaambiwa "utazoea". Mwaka 1998 taasisi ya NIOSH ya Marekani ilipendekeza ukungu wa maji hayo hewani usizidi miligramu 0.4 kwa mita ya ujazo, kwa ajili ya mapafu. Mafuta ya madini yasiyosafishwa vizuri, shirika la IARC limeyaweka kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Na yule anayemwagia krenki oili chafu iliyotoka kwenye injini, huyo mimi simwiti fundi, anisamehe.

Yakichoka, yaenda wapi? Mtaroni. Pamoja na unga wa chuma na unga wa jiwe. Mtaro waenda baharini, na huko kuna mtu wa Mtongwe ametega wavu wake.

Mtasema nakuza mambo. Tunaoishi bara hii hatuna haki ya kusema hivyo. Owino Uhuru iko hapo kwa jirani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu risasi mwilini, wakiwemo watoto, na Phyllis Omido akapiga kelele miaka mpaka akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Siseme maji ya grinda ni risasi. Nasema tulishafunzwa mara moja kwamba kazi ya chuma ikimaliza mlangoni kwa tajiri, haijamaliza mlangoni kwetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ipo tangu 2007. Glavu na sabuni si zawadi ya bosi.

Kwa hivyo ugomvi wangu ni na pande zote mbili, na naona ni ugomvi mmoja. Fundi anayepiga polishi juu ya buluu na kriyeta anayepiga muziki juu ya moshi wafanya kazi moja: wauza sura. Mmoja aficha joto, mwingine auza baridi. Katikati yupo Ami na mkopo wake, na yupo yule kijana na kontena lake.

Sasa nataka nini? Nisiwe wa kulia tu.

Wenye magari na boti: kabla hujaacha krenki, uliza. Jiwe limechongwa lini? Nozeli yaelekea wapi? Maji yamebadilishwa lini? Naweza kusimama nione? Fundi mzuri hatakasirika, atafurahi kuna mtu ajali. Akikufukuza, umepata jibu bila kulipa. Na ukiona chuma kimegeuka rangi wakati wa kusagwa, usikubali kung'arishiwa. Mwambie asimame hapo hapo.

Vyuo: kuna kipimo cha asidi ambacho maabara hufanya, chuma kilichosagwa chapakwa na sehemu zilizoungua zajitokeza, zilizolainika huwa nyeusi na zilizochovywa upya huwa nyeupe. Ni kazi ya maabara, msijaribu nyumbani. Lakini kwa nini fundi wa Changamwe hana pa kupeleka krenki ikapimwa kwa bei nafuu? Pwani hii ilikuwa na MIOME tangu mwanzo wa miaka ya 1950, taasisi iliyojengwa kwa michango ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, chuo kikuu kamili tangu 2013. Mimi sikusoma hapo, sina deni nao. Nauliza tu: siku moja kwa mwezi, milango wazi, mafundi waje na vyuma vyao, wanafunzi wapime. Wanafunzi wapata vyuma vya kweli, mafundi wapata ukweli. Shida iko wapi?

Kriyeta wenzangu: kabla hujaposti kitu cha kiwandani, jibu maswali matatu. Kiasi gani chatumika? Chaenda wapi kikishatumika? Mtoto wa watu akikiiga chumbani kwake, itakuwaje? Ukishindwa moja, hiyo ni vidio ya kujitazamia mwenyewe.

Yule kijana nilimjibu nikampa hesabu yote. Alikasirika. "Sasa wewe wanikatisha tamaa. Si ni wewe ulisema sisi tuko nyuma?" Alikuwa na haki. Jumamosi nikampeleka kwa Mjomba.

Tulifika Mjomba yu kazini, akamuamkia, akajibiwa, akapewa kiti. Alikaa kimya akitazama. Baada ya dakika kumi hivi akauliza kwa adabu, "Mjomba, mbona maji yaenda kando?"

Tukainama sote. Kweli. Nozeli ya Mjomba, mtu ambaye nimemsifu hapa tangu juu, ilikuwa imepinda. Maji yalipiga ubavuni mwa jiwe na kurudi. Mjomba alizima mashine, akanyamaza kidogo. Mtu mzima yule, miaka mingi kwenye grinda, mbele ya mtoto wa miaka 19. Akasema, "Umeona vizuri. Nipe hiyo koleo." Akaukunja mrija wa shaba, akaubana mdomo kwa nyundo mpaka ukawa mwembamba, akakata kibati cha mkebe wa rangi akakifunga karibu na jiwe. Akawasha. Ule mvuke uliokuwa ukipanda pale jiwe linapogusa ukapungua mbele ya macho yetu, na mlio ukabadilika.

Kijana anaanza mwezi ujao, kontena lake amelitoboa madirisha mawili. Aliniuliza mrija wa shaba wauzwa bei gani. Nikamwambia nitamletea.

Nimerekodi ile siku nzima, kwa ruhusa yao. Vidio ipo juu sasa, badala ya ile niliyofuta. Haina moshi, na najua haitatazamwa kama ile. Itazameni hivyo hivyo, halafu mtumieni mtu mwenye gari.

Mwenye swali aulize. Mwenye tusi pia aje, ila aje na hesabu.